Yuko Njiani

Iko nchi moja ambayo sitaitaja jina. Siogopi mtu, ni kwamba wenyewe hulibadilisha jina hilo kila wanapopaka rangi ikulu, nami sipendi kuwapotosha wasomaji wangu. Itoshe kujua kuwa ni nchi ya amani. Neno lenyewe limeandikwa kwenye uwanja wa ndege, kwenye pakiti za maziwa ya watoto, na juu ya lango la gereza kuu kwa herufi kubwa kuliko zote, maana pale ndipo watu wanapopata nafasi ya kusoma kwa utulivu. Nchi ile haikuwa na vita. Ilikuwa na Shughuli.

Shughuli ilikuwa kaskazini. Ilianza kwa ugomvi wa kisima, na waliokuwepo walidhani ingekwisha kabla ya mvua za vuli. Haikwisha. Na kwa kuwa serikali iliiita shughuli, kila kilichohusiana nayo kilipewa jina la kishughuli. Adui aliitwa mgeni mwalikwa. Mizinga iliitwa ngoma. Kijana akitakiwa jeshini aliletewa kadi yenye maua pembeni: "Unakaribishwa wewe na buti zako. Kukosa kwako kutatuhuzunisha, na wewe kutakuhuzunisha zaidi." Watu wa nchi ile wana adabu sana, na adabu hiyo ndiyo habari yangu ya leo.

Mtu wetu anaitwa Yonaza Mtepa. Siku mambo haya yalipoanza alikuwa luteni wa miaka ishirini na sita, mwenye masikio makubwa na malezi mazuri. Alitumwa kijiji cha Igwata kumweleza mjane mmoja, Bi Nyamizi, kwamba mwanawe wa pekee, Shija, ameuawa huko kaskazini. Wakati ule jeshi lilikuwa bado linatumia neno "ameuawa". Njia nzima, ndani ya lori, Luteni Mtepa aliikariri sentensi yake: mama, kwa masikitiko makubwa. Mama, kwa masikitiko makubwa. Aliijua mpaka ikaanza kumtoka yenyewe mdomoni.

Alimkuta Bi Nyamizi barazani anachagua mchele kwenye ungo. Mama yule alipoona sare tu akainuka, akamvutia kigoda, akampa maji ya kunywa, kisha akaanza kumsalimu kama mtu yeyote anavyomsalimu mgeni aliyetoka mbali.

"Habari za huko, mwanangu?"

"Njema, mama."

"Na safari?"

"Salama."

"Na Shija hajambo?"

"Hajambo," akajibu Luteni Mtepa.

Msimcheke. Hebu niambieni nani kati yenu, akiulizwa hali ya mtu, hujibu kitu kingine kabla ya "hajambo". Hata aliyeunguliwa na nyumba husema ni wazima, ila nyumba imeungua. Luteni alikuwa anaielekea hiyo "ila". Ilikuwa imefika kwenye ulimi kabisa. Lakini uso wa Bi Nyamizi ulishachanua, na mama alikwisha kuuliza swali linalofuata.

"Ahsante Mungu. Sasa mbona hukuja naye?"

"Yuko njiani, mama."

Bi Nyamizi akapiga vigelegele. Akapika ugali na kuku, akamlisha mgeni mpaka jasho likamtoka, na chakula cha Shija akakifunika kwa sahani nyingine, akakiweka juu ya kabati. Luteni alikula kila kitu. Kisha akaaga, akapanda lori, na alipofika nyuma ya kilima cha kwanza akaomba gari lisimame, akashuka, akatapika.

*

Kwenye ripoti yake aliandika kweli tupu, kwa sababu alilelewa hivyo: "Mzazi ameambiwa kijana yuko njiani. Amepokea kwa furaha. Hakulia." Alitegemea kuvuliwa cheo.

Makao makuu walipoisoma ripoti ile waliitana chumba kwa chumba. Hapajawahi kutokea, tangu Shughuli ianze, mama ambaye hakulia. Vilio vilikuwa vimewasumbua sana wakubwa. Vilikuwa vinasikika mpaka wakati wa hotuba. Kabla ya mwezi kwisha ikatoka Amri ya Jeshi Namba 14: kuanzia sasa hakuna askari atakayekufa kwenye Shughuli. Askari atakayeshindwa kuendelea kwa sababu za kudumu atahesabiwa kuwa njiani. Ikaundwa Idara ya Walio Njiani, na mkuu wake wa kwanza akawa Kapteni Yonaza Mtepa, aliyepandishwa cheo kwa ubunifu.

Bunge halikutaka kuachwa nyuma. Likapitisha Sheria ya Sahani: kila nyumba yenye mtu aliye njiani imwekee chakula jioni, moto, cha kutosha mtu mzima. Wakaajiriwa Wakaguzi wa Sahani. Mkaguzi alipita akifunua vifuniko na kugusa ugali kwa kidole. Ukiwa umepoa, mwenye nyumba alishitakiwa kwa kosa la kukata tamaa bila kibali. Ukiwa wa moto, mkaguzi aliula kwa niaba ya mhusika. Wakaguzi walinenepa. Kulikuwa na akina mama waliolala na njaa mwaka wa ukame ili mtu aliyeoza zamani asikose chakula, na serikali iliwasifu kwenye gazeti kwa uzalendo wa jikoni.

Matanga hayakupigwa marufuku. Msinisikie vibaya, ile ni nchi huru. Ulitakiwa tu kuwa na cheti cha kifo, ndipo uruhusiwe kulia kwa sauti. Cheti kilitolewa na Idara ya Walio Njiani, na Idara haikuwa nacho hata kimoja, kwa kuwa hakuna aliyekufa.

Siku moja akaja ofisini mwanamke kijana, amejifunga kaniki, akasimama mbele ya meza ya Mtepa, ambaye wakati huo alikuwa meja.

"Afande, mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Niko eda au siko eda?"

Mtepa akafungua jalada. "Mumeo yuko njiani, dada yangu."

"Mwaka wa tano huu, afande. Njia gani hiyo? Anatambaa?"

Mtepa akamgongea muhuri kwenye karatasi, si kwa sababu karatasi ilihitaji muhuri, ila mikono yake ilihitaji kazi. Yule dada akaichukua, akaitazama juu na chini, akasema "haya, ahsante," akaondoka. Alikuwa na adabu na yeye.

Watu walijua, bila shaka. Msidhani nchi nzima ilikuwa ya wajinga. Hakuna aliyesema, lakini lile neno la kila siku, neno la mtu aliyechelewa kikao, likaharibika kabisa. Aliyekuwa kwenye basi akipigiwa simu alisema "nakuja", "nakaribia", "niko hapo kwenye kona". Alisema chochote, ila si lile. Jioni moja Mtepa alikwama kwenye foleni. Mkewe, Mwalimu Eliwaza, akampigia kuuliza yuko wapi, naye bila kufikiri akajibu, "Niko njiani, mke wangu." Alisikia simu ikianguka sakafuni. Alipofika nyumbani alimkuta Eliwaza ameketi jikoni, viganja vimeshika kichwa, na alipomwona ameingia na miguu yake alimpiga kofi. Halafu akamkumbatia, halafu akampiga tena.

"Neno lako hilo," akasema Eliwaza. "Neno lako hilo, Yonaza."

Hapo ndipo Mtepa alipojua kuwa mkewe alikuwa amejua miaka yote neno lile limetoka kinywani mwa nani.

Alipanda. Luteni kanali, kanali, brigedia. Barua zilizotoka na sahihi yake zilifika elfu nne na zaidi, na yeye alikuwa mtu wa kazi. Kila moja aliisoma kabla ya kuitia sahihi, hata kama zote zilikuwa na maneno yale yale. Mara tatu katika miaka hiyo alimwamuru dereva ashike barabara ya Igwata. Mara tatu walifika njia panda, akamwambia ageuze gari. Alikuwa brigedia mwenye nishani nne kifuani, na aliogopa kigoda cha bibi mmoja.

*

Katika mwaka wa ishirini na mbili tangu siku ile ya Igwata kikatokea kipupwe kikali kule kaskazini, ngoma zikapigwa wiki mbili mfululizo, na walio njiani wakawa wengi hata njia yenyewe haikupitika. Pande zote mbili zikakubaliana kusimama tangu asubuhi hadi adhuhuri ili kila upande uondoe wake. Brigedia Mtepa akaenda mwenyewe, na orodha zake. Upande wa pili ulimtuma ofisa mwembamba mwenye kikohozi, naye ana orodha zake. Wakakutana kwenye kile kisima. Kilikuwa kimekauka tangu mwaka wa pili wa Shughuli, na hakuna aliyekuwa amewaambia wakubwa.

Walifanya kazi vizuri. Huyu wako, huyu wangu, huyu sijui. Walikuwa wanasema lugha moja, na mara mbili waligundua jina lile lile la ukoo kwenye orodha zote mbili. Kazi ilipokwisha wakaketi kwenye ukingo wa kisima, yule ofisa akatoa viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa, akamkatia mwenzake.

"Samahani, brigedia," akasema. "Niulize jambo la kikazi. Nyie mama zao mnawaambiaje?"

"Tunawaambia yuko njiani."

Yule ofisa akakohoa muda mrefu. Mtepa akadhani anaumwa, kumbe anacheka.

"Na nyie?" akauliza Mtepa.

"Kaenda kuchota maji."

Wakacheka wote wawili. Walicheka mpaka viazi vikawapalia, mpaka askari wa pande zote wakageuka kuwatazama, na nawaambieni hakuna aliyeweza kusema ni wakati gani hasa kicheko kile kilikoma kuwa kicheko. Yule ofisa alikuwa amefunika uso kwa orodha yake. Mtepa alitazama chini ndani ya kisima, na mdomoni bado ana kipande cha kiazi.

"Nina mama mmoja," akasema yule ofisa, "ananiuliza ndoo ipi alichukua."

Ilipofika adhuhuri wakapeana mikono, kila mmoja akarudi upande wake, na ngoma zikaanza. Njiani kurudi makao makuu Mtepa alianza kuvua vitu. Kwanza kofia, halafu mkanda, halafu nishani moja moja. Aliviweka kwenye kiti cha gari vizuri, vimepangwa, kwa sababu alikuwa mwanajeshi wa kazi na hajui kutupa vitu ovyo.

*

Alijiuzulu asubuhi, na mchana wake akasimama mbele ya soko kuu na bango alilolichora Eliwaza kwa wino wa shule: TUNATAKA AMANI. Alikamatwa kabla ya saa tisa.

Aliyemhoji alikuwa Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Daktari Kongoro, mtu mnene mwenye sauti laini aliyekuwa hawezi kusema sentensi moja bila kusimama. Alisimama.

"Brigedia, umeandika tunataka. Mtu hutaka kitu asichokuwa nacho. Je, amani hatuna?"

"Hatuna, mheshimiwa."

"Nchi hii ina amani nyingi kuliko inavyoweza kuitumia! Tuna ghala zima la mabango. Ukisema hatuna, maana yake kuna vita. Kama kuna vita, kuna waliokufa. Nionyeshe cheti kimoja cha kifo."

"Idara haikutoa, mheshimiwa. Nilikuwa mkuu wake."

"Basi wewe ndiye shahidi wetu wa kwanza," akasema Waziri, akaketi, ameridhika.

Hawakumfunga. Kufunga brigedia kungehitaji maelezo. Wakamwachia, na Mtepa akaanza kuwaandikia akina mama. Zile barua elfu nne alitaka kuziandika upya, moja moja, kwa mkono wake. Aliandika: "Nilikudanganya. Amekufa. Nisamehe, na tuwaambie waache kabla hawajamaliza wengine." Posta ilizirudisha zote baada ya wiki. Karani mmoja mwenye bidii alikuwa amekata neno "amekufa" kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake "yuko njiani", na chini ya kila barua ameweka maoni: "Mwandiko mzuri. Rudia Amri Namba 14."

Akajaribu kwenda mwenyewe. Lakini vijiji vingi vya walio njiani, Igwata kikiwamo, vilikuwa ndani ya Eneo Tulivu Zaidi, na raia haingii huko bila kibali. Aligeuzwa kwenye vizuizi vyote vitano. Kizuizi cha tano, askari aliyemgeuza alimpigia saluti kwanza, akalia machozi, akamgeuza.

Na kule Igwata, aliambiwa na mchuuzi mmoja wa samaki wakavu, Bi Nyamizi hainuki tena kitandani. Sahani bado inawekwa. Jirani yake anampikia, yeye anaelekeza akiwa amelala: chumvi kidogo, Shija hapendi chumvi.

Tangu siku hiyo Mtepa hakutaka kitu kingine. Kukomesha Shughuli yote ilikuwa kazi kubwa kuliko mtu mmoja, alilijua hilo. Lakini mama mmoja alikuwa anaelekea kufa akiwa amemsubiri mtu kwa sababu yake, na hilo lilikuwa lake peke yake. Hakutaka mama yule aingie kaburini akiwa bado anamwekea mwanawe chakula.

Ndipo Waziri akamwita tena. Nchi za nje zilikuwa zimeanza kuuliza juu ya yule mzee wa bango. Mheshimiwa Daktari Kongoro alisimama, akamtangazia kuwa Baraza limemteua kuwa Mtetezi Mkuu wa Amani Iliyopo. Atapewa joho la bluu na bendi ya watu kumi na mmoja. Atazunguka nchi nzima, pamoja na Eneo Tulivu Zaidi, akiitetea amani dhidi ya wanaodai haipo. Maneno matatu tu asiyatumie: vita, kufa, na acheni.

"Ndani ya Eneo, naanzia kijiji ninachotaka?" akauliza Mtepa.

"Popote. Nchi ni yako."

"Nakubali," akasema.

Eliwaza alipoliona lile joho alilikunjua, akaliangalia pindo. "Wamelishona vibaya," akasema. "Utaenda?"

"Nitaenda."

"Hutarudi, Yonaza."

"Najua."

Akachukua sindano, akalishona upya pindo lile, mume wake asije akajikwaa mbele za watu.

*

Walifika Igwata saa nne asubuhi: Mtetezi Mkuu, bendi, Mkaguzi wa Sahani wa wilaya, na ofisa itifaki mwenye sanduku dogo la velveti. Ndani ya sanduku kulikuwa na nishani, Mama Mvumilivu Daraja la Kwanza, kwa kusubiri miaka ishirini na miwili bila kulalamika. Kijiji kizima kiliitwa kije kushangilia. Walikuja akina mama, wajane wasio na eda, mababu, vijana hawakuwepo. Wakapanga mistari kwenye ua wa Bi Nyamizi kama walivyoagizwa, na ofisa itifaki akawafundisha kupiga makofi.

Ndani kulikuwa na kitanda cha kamba na kabati lile lile. Bi Nyamizi alikuwa amebaki mdogo sana. Jirani yake, Holo, mwanamke wa miaka hamsini na kitu ambaye mume wake naye alikuwa njiani, alimwinua kidogo akamwegemeza kwenye mto. Bibi akamtazama mtu mwenye joho kwa muda.

"Masikio hayo nayajua," akasema.

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Karibu. Holo, mpe mgeni kigoda. Habari za huko, mwanangu?"

Ofisa itifaki akatabasamu mlangoni. Mkaguzi alikuwa ameshafunua sahani juu ya kabati, anatafuna. Nje bendi ilikuwa inapasha midomo moto. Mtepa alisimama na mikono yake pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akamjibu mtu mzima vibaya.

"Si njema, mama."

Mkaguzi aliacha kutafuna. Katika nchi ile hakuna aliyewahi kusikia mtu akiitikia hivyo. Holo alidhani amesikia vibaya.

"Shija?" akauliza Bi Nyamizi.

"Amekufa, mama. Nilipokuja siku ile alikuwa amekwisha kufa. Alikufa Jumatatu. Mimi nilikuja Alhamisi."

"Alhamisi," akasema Bi Nyamizi taratibu. "Ulikula kuku wangu akiwa amezikwa."

"Ndiyo, mama."

Ofisa itifaki alikuwa anapekua kanuni zake haraka haraka. Bi Nyamizi alikuwa anatazama paa. Mtepa akapiga magoti, joho na yote.

"Nisamehe, mama."

"Bado hatujafika huko, tusiruke." Akavuta pumzi, ikamchukua muda kuipata. "Nilikuwa naota amekufa. Kila nikiota naamka najisuta, nasema mama gani mimi, mtoto yuko njiani namuua kwa ndoto. Miaka yote hiyo nimejisuta. Ungeniambia siku ile, mwanangu. Siku ile nilikuwa na kifua. Ningelia mpaka ng'ombe wa Igwata wakate kamba. Sasa hata kukohoa naombea nguvu."

Mtepa hakuweza kuinua kichwa.

"Haiwezekani mtoto azikwe bila kuliliwa," akasema bibi. "Mimi sina sauti. Nenda nje ukanililie."

"Mama, mimi sijui kulia matanga. Mimi ni askari."

"Nenda."

Akainuka, akawapita ofisa na Mkaguzi, akatoka uani. Watu walianza kupiga makofi kama walivyofundishwa. Yonaza Mtepa, brigedia mstaafu, akaweka mikono kichwani kama alivyoona wanawake wakifanya utotoni mwake, akafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa mbaya. Ilikwama, ikakatika, ikafanana na gari linalogoma kuwaka. Kiongozi wa bendi alidhani ni ishara, akaanzisha wimbo wa amani. Wakapiga mistari mitatu, kisha mpiga tarumbeta akashusha tarumbeta lake, akakaa chini kwenye vumbi. Na yeye alikuwa na kaka.

Makofi yalikoma. Holo alitoka mlangoni, akatazama mbinguni, akalitaja jina la mume wake mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita kwenye chakula. Kisha akapiga yowe. Aliyekuwa karibu naye akafuata, na wa pili wake, kila mmoja na jina lake mwenyewe. Wengine walisubiri wenzao watulie kidogo, jina la mtoto wao lisimezwe. Mkaguzi alitoa daftari akaandika mkosaji wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka fomu zikamwishia.

Jioni ile redio ilitangaza kuwa wananchi wa Igwata wamefanya mazoezi ya kwaya. Baada ya wiki, vijiji kumi na vinane vilikuwa na kwaya. Mtepa alishitakiwa kwa mauaji. Mwendesha mashitaka alieleza, na kisheria hakuna aliyeweza kumpinga, kwamba kijana Shija alikuwa hai, yuko njiani, kwa miaka ishirini na miwili, mpaka saa nne na nusu za asubuhi ya siku ile mshitakiwa alipotamka kwamba amekufa. Na kwamba siku hiyo hiyo, kwa uchochezi wake, Igwata peke yake walikufa watu mia moja na sita. Hakimu alimuuliza anakana au anakubali.

"Nakubali," akasema Mtepa. "Niliwaua kwa neno. Ila tarehe mmekosea."

Shughuli haikusimama kesho yake. Siwezi kuwadanganya, nchi ile ina waongo wa kutosha. Lakini kadi za maua zilipopelekwa mwaka uliofuata, nyumba nyingi zilizirudisha bila kufunguliwa, na Mheshimiwa Daktari Kongoro alilazimika kusimama mara nyingi zaidi ya kawaida yake.

Hayo yalikuja baadaye. Saa ile, uani, kabla redio haijasema lolote, Mtepa alikuwa bado amesimama katikati ya akina mama na mikono yake kichwani, sauti yake ndogo kuliko zote. Aliona haya. Alijaribu kuiweka sawa, kuipanga, itoke kwa heshima. Ndipo akasikia kutoka dirishani, ndani, mtu anagonga ukuta kwa kiganja. Bi Nyamizi alikuwa amekusanya pumzi yote iliyobaki.

"Kwa nguvu, mwanangu!" akasema. "Huyo hakuwa wa serikali. Alikuwa wangu."

Mtepa akapaza sauti.